Muulize Fundi Picha: "Nikiinua kamera wanasimama kama milingoti"

SWALI: Shikamoo mzee. Mimi ni kijana wa Mwanga, hapa Kigoma. Nina kamera ya mtumba na lenzi moja tu, ya milimita 50. Parokiani wamenipa kazi ya kupiga picha za kipaimara, na wiki inayofuata rafiki yangu mlokole anabatizwa ziwani. Napenda picha za watu wakiwa kwenye shughuli zao, zisizopangwa. Shida ni kwamba nikiinua kamera tu, kila mtu anakaza uso na kunyoosha mikono kama yuko gwaride. Nikimpiga mtu bila yeye kujua, ananiambia, "Mbona sijaangalia kamera? Hii silipii." Nifanyeje?

JIBU: Marahaba, mwanangu. Wape kwanza wanachotaka. Misa ikiwa saa 3, wewe saa 1 na nusu uwe umeshafika. Wasimamishe ukutani, mama na mtoto, mtoto na msimamizi wake, piga mbili mbili, waonyeshe kwenye kioo cha kamera waridhike. Aliyepata picha yake ya kusimama hana haja nawe tena. Asiyeipata atakuandama mpaka kwenye foleni ya komunyo.

Ila usinogewe. Enzi za filamu, mkanda mmoja ulikuwa na picha 36, nami kwenye harusi moja Ujiji nilizimaliza zote kwa kupanga mashangazi. Bwana harusi akamkumbatia baba yake, watu ambao walikuwa hawasemeshani kwa muda mrefu, ukumbi mzima ukasimama. Mimi nimeinama nyuma ya spika, nabadilisha mkanda. Mpaka leo nikikutana na yule mzee namwamkia haraka haraka na kupita.

Sasa kipaimara. Muone katekista mapema akueleze askofu atasimama wapi na watoto watapita upande gani, kisha ukae upande wa kwaya, uchuchumae. Kidole cha askofu kikipaka krisma, yale mafuta matakatifu, kwenye paji la uso utakipiga, maana wenyewe wataiulizia hiyo picha. Lakini tazama na mkono wa msimamizi begani kwa mtoto. Kuna anayegusa kwa ncha za vidole kama anapima joto la pasi, kuna anayebana mpaka shati linakunjamana. Niliwahi kumpiga bibi mmoja wa hivyo, mkono mweusi wenye mishipa juu ya shati jeupe jipya. Familia ile picha za kusimama ziko kwenye albamu, hiyo ya mkono wameitundika sebuleni.

Flashi acha nyumbani. Fungua tundu la lenzi mpaka f/2 mwanga uingie mwingi, shata, yaani kasi ya kupiga, isishuke chini ya 1/125 ya sekunde, na ISO, yaani wepesi wa kamera kunasa mwanga, panda hata 3200. Chenga kidogo, zile punje punje kwenye picha, hazina neno, ila picha iliyotikisika haina dawa. Na kengele ya mageuzo ikilia, padri anapogeuza mkate na divai, shusha kamera kabisa. Kanisa likiwa kimya, mlio wa shata unasikika mpaka benchi la mwisho, na ukiwaudhi hapo hutaitwa tena.

Misa ikiisha usikimbilie kufungasha. Nenda nje, chini ya mti, wanakokutana akina bibi waliotoka vijijini. Wanasalimiana kwa Kiha, "mwakeye, mwakeye", huku wakipiga makofi taratibu, wameinama kidogo, kila mmoja hataki kuwa wa kwanza kumaliza. Hapo lenzi yako ya 50 inatosha, ila inakulazimu usogee. Basi sogea, wasalimie nawe, ukae. Baada ya dakika kumi utakuwa kama kiti tu.

Kuhusu "silipii": picha ya bila kupangwa mtu haipendi akiiona kwenye kamera, anaipenda ikishasafishwa. Toa chache kwa karatasi ya inchi 4 kwa 6, mpe ya bure moja. Msibani ni habari nyingine. Uliza wenye msiba kabla hujafungua mfuko wa kamera. Ninayo picha ya mama akilia juu ya jeneza, nzuri kupita kiasi. Sijaisafisha, na sitaisafisha.

Ubatizo wa ziwani ndio ninaokuonea wivu. Unajua kuna picha ya wavulana watatu wakikimbilia majini, ya Mhungari Martin Munkácsi? Kwa miaka mingi imeitwa picha ya Ziwa Tanganyika, ingawa wapo wanaosema ilipigwa Liberia. Henri Cartier-Bresson, bingwa Mfaransa wa picha zisizopangwa, alisema ndiyo iliyomwashia moto wa kazi hii, naye alipenda lenzi kama yako hiyo hiyo ya milimita 50. Mimi nimeamua ni ya kwetu, wa Liberia watanisamehe.

Asubuhi jua linatokea nyuma ya vilima vya mji, kwa hiyo anayeibuka majini akiwa ameelekea ufukweni linammulika usoni. Jioni linazamia upande wa Kongo, na ukiwa nchi kavu utapata vivuli vyeusi tu. Shata weka 1/1000 matone yasimame. Usimpige akizama, hapo utapata mgongo wa mchungaji. Subiri anapoibuka, kabla hajafuta maji usoni. Ingia majini mpaka magotini na uuzungushe mkanda wa kamera mkononi mara mbili, kwani mawe ya pale yanateleza.