Mtoto Akaripiwaye kwa Lugha ya Nyumbani

SWALI: Mimi ni mwalimu mkuu wa shule ya msingi mjini Malindi. Wanafunzi wangu ni Wagiriama, Wabajuni, Waswahili na watoto wa wazazi waliohamia kutoka bara. Mtoto akijibu kwa Kigiriama, baadhi ya walimu humkaripia mbele ya wenzake. Nianzie wapi?

JIBU: Mwalimu mwenzetu, anzia kwenye karipio hilo hilo, tena kesho asubuhi. Mtoto aliyeinua mkono kwa furaha kisha akaushusha polepole, macho sakafuni, hainui tena kwa urahisi, na wewe ndiwe mwenye mamlaka ya kuwaambia walimu, kwa upole lakini bila kuyumba, kwamba jibu husikilizwa kwanza, ndipo liongezewe Kiswahili. Kifungu cha 44 cha Katiba ya Kenya ya 2010 kinampa kila mtu haki ya kutumia lugha na kushiriki utamaduni autakao.

Mtafiti wa Marekani, Gloria Ladson-Billings, alisisitiza mwaka 1995 kwamba mwanafunzi afaulu masomoni huku akibaki imara katika utamaduni wake. Nami naona hilo la kufaulu husahaulika, shule ikaridhika na ngoma za siku ya wazazi. Darasa linapopelekwa kwenye nguzo ya Vasco da Gama, baharia Mreno, hapo Malindi, lisikie pia habari za Mekatilili wa Menza, aliyewaongoza Wagiriama kuwapinga Waingereza mwaka 1913 na 1914. Na katika mikutano ya wazazi, weka mkalimani.