Jibu: Mpako wa seramiki kwa gari linaloshinda juani

Habari ndugu. Umeuliza iwapo mpako wa seramiki, yaani kimiminika kinachopakwa juu ya rangi na kukauka kuwa utando mgumu, utaikinga rangi ya gari lako, linaloegeshwa juani Industrial Area, Nairobi, dhidi ya kupauka na mikwaruzo. Kupauka utakupunguzia kiasi, na vumbi na kinyesi cha ndege vitaoshwa kwa urahisi. Lakini kokoto zinazorushwa na malori ya Mombasa Road zitaendelea kubandua rangi, kwa sababu utando huo ni mwembamba kuliko hata unywele. Kwanza ikague rangi chini ya mwanga mkali, maana mikwaruzo isiyoondolewa kwa polishi kabla ya kupaka huendelea kuonekana. Mkague pia mwoshaji wako: akitumia kitambaa kimoja kwa magurudumu na bodi, mchanga wa magurudumu utaukwaruza utando huo; basi, kwa maoni yangu, heri ununue nta na utafute kivuli.