Maswali na Majibu ya Santuri: Geuza Jalada, Soma Nyuma

Barua za mwezi huu karibu zote zinamhusu Herbie Hancock, mpiga piano wa Chicago. Nimechagua chache. Zile zinazouliza "santuri yangu ina thamani gani" bila kutaja lebo, namba wala hali ya sahani nimeziweka kando, na zitakazokuja za namna hiyo nitaziweka kando vilevile.

Shikamoo mzee. Nataka kumjua Herbie Hancock lakini albamu zake ni nyingi mno. Naomba orodha ya kumi bora. (Msomaji, Dodoma)

Marahaba. Orodha ya kumi bora sitoi, nimeshalisema hili na nalirudia. Anayepewa orodha ya kumi hununua kumi, husikiliza mbili, na nane zilizobaki hukaa kabatini kama vyombo vya wageni.

Mtu aliyeanza kurekodi kwa jina lake 1962 na kuendelea kwa miongo hafuatwi kwa miaka wala kwa sifa. Anafuatwa kwa bendi. Chukua Maiden Voyage ya 1965, igeuze usome nyuma. Utakuta Freddie Hubbard kwenye tarumbeta, George Coleman kwenye saksafoni, Ron Carter kwenye besi na Tony Williams kwenye dramu. Carter na Williams wakati huo walikuwa pamoja na Hancock katika kundi la mpiga tarumbeta Miles Davis, na Coleman alikuwa ametoka kundi hilohilo mwaka uliotangulia. Yaani hii ni bendi ya Miles, ila kiti cha Miles kakikalia Hubbard. Ukishajua hivyo, umeshajua pa kwenda: tafuta E.S.P. ya Miles ya mwaka huohuo, umsikie Hancock yuleyule akiwa chini ya bosi wake.

Lakini kwanza kaa na Maiden Voyage mwezi mzima. Wimbo wa kwanza piano inaanza na pigo moja fupi linalorudiwa, sauti zake zinaning'inia bila kutua. Tony Williams hasukumi. Anagusa matoazi, yanapanda na kushuka kama maji yanayojaa na kupwa. Siku utakapoweza kuifuata besi ya Ron Carter tangu mwanzo hadi mwisho bila kupotea, ndipo utoe pesa ya santuri ya pili. Ya pili iwe Mwandishi, ya tatu Head Hunters. Baada ya hapo majina ya nyuma ya jalada yatakuongoza kuliko mimi.

Je, ni kweli Hancock alijiita Mwandishi? Alijua Kiswahili? (Mwalimu wa Kiswahili, Tanga)

Mwalimu, swali lako ndilo nililokuwa nalisubiri. Ni kweli, na hakuwa peke yake.

Miaka ya 1960 Wamarekani weusi wengi walikuwa wanakitafuta Kiswahili kama mtu anavyotafuta jina la ukoo uliopotea. Maulana Karenga alianzisha sikukuu ya Kwanzaa huko California mwaka 1966, na misingi yake saba yote ameipa majina ya lugha yetu, umoja na ujamaa yakiwemo. Mmoja wa waliopita katika chama cha Karenga ni mpiga ngoma James Mtume, mtoto wa mpiga saksafoni Jimmy Heath. Mtume ndiye aliyewagawia majina Hancock na wenzake. Hancock akawa Mwandishi. Buster Williams wa besi akaitwa Mchezaji, Billy Hart wa dramu Jabali, Eddie Henderson wa tarumbeta Mganga, Julian Priester wa tromboni Pepo Mtoto, na Bennie Maupin wa saksafoni na klarineti akaitwa Mwile.

Utaniambia kwamba anayetunga muziki kwetu ni mtunzi, na utakuwa na haki. Utaniambia pia kwamba mwenzetu yeyote angesema "mwili". Lakini tazama yaliyolenga shabaha: Henderson alikuwa daktari wa kweli, amesomea udaktari Chuo Kikuu cha Howard, akitibu wagonjwa na kupiga tarumbeta. Mganga hasa. Na Billy Hart ukimsikiliza anavyokaa katikati ya bendi, hatikisiki, jabali ni jina lake.

Albamu yenyewe, Mwandishi, ilirekodiwa San Francisco tarehe 31 Desemba 1970 ikatoka mwaka uliofuata. Ina nyimbo tatu tu. Ya kwanza, Ostinato, imetungwa kwa ajili ya mwanaharakati Angela Davis, aliyekuwa rumande wakati huo. Hesabu yake ni mapigo 15. Besi inarudia fungu lilelile, na kila unapodhani limefika mwisho linageuka pigo moja kabla hujawa tayari. Mguu wako utakosea. Uache ukosee, usiusimamishe. Miongoni mwa waalikwa wa wimbo huo yumo kijana wa miaka 18, Leon Chancler, naye akiitwa kwa Kiswahili: Ndugu. Ni Ndugu huyohuyo aliyekuja kupiga dramu kwenye Billie Jean ya Michael Jackson. Mmemsikia kwenye harusi zote mlizowahi kuhudhuria, ila jina lake hamkulijua kwa sababu hamkugeuza jalada.

Bendi hii iliacha santuri tatu: Mwandishi, Crossings ya 1972 na Sextant ya 1973. Hazikuuzwa sana, gharama za kuizungusha bendi zikamshinda Hancock, akaivunja. Kinachoniuma ni kwamba wasikilizaji wa hapa kwetu, wenye lugha yenyewe, wanaijua Head Hunters peke yake. Albamu imeandikwa Mwandishi kwa herufi kubwa na sisi tunaipita.

Kwani Morogoro Jazz, Nuta Jazz na OK Jazz si jazz? (Msomaji, Morogoro)

Ni muziki wa dansi. Neno jazz kwenye majina hayo lilimaanisha bendi ya kisasa, yenye magitaa na ala za kupuliza, inayopiga watu wakacheza. Haliwapunguzii kitu. Mbaraka Mwinshehe hahitaji cheti cha New York.

Mimi nasikiliza kila kitu kwenye simu. Haitoshi? (Msomaji, Kampala)

Inatosha kusikia wimbo. Haitoshi kujua nani alipiga.

Nimesikia ule mwanzo wa Watermelon Man ni filimbi ya Wambuti wa Kongo. Kweli? (Msomaji, Bukavu)

Si kweli, na hili linarudiwa ovyo mno. Kwanza ziko Watermelon Man mbili. Ya 1962, kwenye Takin' Off, inaanza na piano na haina filimbi yoyote. Unayoisema wewe ni ya Head Hunters, 1973. Pale Bill Summers anapuliza mdomo wa chupa ya bia na kupokezana na sauti yake mwenyewe: chupa, sauti, chupa, sauti, mpaka huwezi kutenganisha. Amefuata hindewhu, filimbi ya noti moja ya Wababenzele, na hao ni watu wa misitu ya Jamhuri ya Afrika ya Kati. Si Wambuti, na si Ituri. Watu wa msituni si kabila moja.

Muziki wa Wababenzele ulikuwa tayari umetoka kwenye santuri mwaka 1966, ukirekodiwa na Simha Arom akiwa na Geneviève Taurelle. Naiona ni deni la kila mwenye Head Hunters kuitafuta sauti hiyo ya asili na kuisikiliza kwa heshima ileile. Head Hunters iliuza nakala zaidi ya milioni moja. Waliobuni ule mwanzo ni watu wa kijijini ambao majina yao hayakuandikwa popote, na hilo silisemi kwa kupita tu.

Nimeuziwa Empyrean Isles ya Hancock, muuzaji anasema ni toleo la kwanza la 1964. Nitajuaje? (Msomaji, Nairobi)

Umeshalipa ndipo unauliza. Haya.

Shika sahani chini ya taa, iinamishe, utazame ile sehemu tupu kati ya mwisho wa wimbo na lebo. Tafuta mambo mawili. La kwanza ni jina VAN GELDER lililogongwa kwa muhuri. Huyo ni Rudy Van Gelder, fundi aliyerekodi na kukata sahani za Blue Note, kampuni iliyoitoa santuri yako. La pili ni alama ndogo iliyochorwa, inayofanana na sikio. Ni alama ya Plastylite, kiwanda kilichowachapia Blue Note mpaka 1966. Yote mawili yakiwepo, na lebo ya bluu na nyeupe ikiwa imeandikwa New York USA, una sababu ya kufurahi. VAN GELDER likiwepo bila sikio, sahani yako imechapwa baadaye kwa mabamba yaleyale ya chuma. Itasikika vizuri sana, lakini si bei ya toleo la kwanza.

Ushauri ambao hukuniomba: usianze ukusanyaji na matoleo ya kwanza ya Blue Note. Yaliyochapwa upya kwa uangalifu yapo, na kwa bei ya moja la kwanza utapata rafu nzima. Na popote ununuapo, toa sahani nje ya jalada kabla pesa haijatoka mfukoni. Niliwahi kuagiza Crossings kutoka ng'ambo, nikaisubiri wiki saba. Jalada lilikuwa safi kabisa, na ndani mlikuwa na sahani ya nyimbo za Krismasi. Muuzaji hakujibu barua yangu hata moja.

Head Hunters yangu ina herufi SQ. Nimeambiwa haipigiki bila spika nne. (Msomaji, Mombasa)

Inapigika. SQ ni mfumo wa sauti ya spika nne wa miaka ya 1970, na ulitengenezwa ili usikike pia kwenye spika mbili kwa sindano ya kawaida. Mchanganyo wake wa sauti si uleule wa toleo la stereo, kwa hiyo usiibadilishe na mtu.

Santuri zangu zimeota ukungu. Nimezisafisha kwa spiriti, nyingine zimetoka weupe na sasa zinakwaruza vibaya. Nifanyeje? (Msomaji, Unguja)

Hizo zilizotoka weupe, pole, zimekwenda. Naandika kwa urefu ili wengine wasifuate.

Sahani za zamani za kasi ya 78 si plastiki ya vinaili. Zimetengenezwa kwa shelaki, na shelaki inayeyuka kwenye spiriti. Ninyi wa Unguja na Pwani ndio mlio na hazina ya sahani hizo majumbani, za taarabu ya tangu Siti binti Saad alipokwenda Bombay mwaka 1928 kurekodi. Ukipitisha spiriti juu yake umeifuta sauti kwa mkono wako mwenyewe, na nyingine hakuna nakala ya pili. Nawasihi: sahani ya kasi ya 78 isiguswe na spiriti, hata tone.

Kwa vinaili na kwa shelaki njia ya usalama ni moja. Chukua maji ya kuongezea betri, yale masafi yasiyo na asidi, tia tone moja la sabuni ya vyombo katika lita moja. Lowesha kitambaa cha kufutia miwani, zungusha kufuata mifereji, usikate katikati. Lebo isilowe. Suuza kwa maji yaleyale bila sabuni, futa, isimamishe ikauke kivulini. Ukungu uliobaki kwenye jalada la ndani utarudi kwenye sahani, kwa hiyo jalada hilo la ndani litupe, uweke jipya. La nje usilitupe kamwe.

Na zisimamishwe wima, zisiegemee, mbali na dirisha. Joto la Pwani linapinda sahani iliyolazwa kuliko mnavyodhani. Sindano ya 78 nayo ni nene kuliko ya vinaili. Usitumie moja kwa zote.

Rockit ya Hancock ni jazz au si jazz? (Wasomaji wanne)

Ni Rockit. Sikiliza anachofanya DJ GrandMixer D.ST na sahani mkononi, tena mwaka 1983, halafu uniulize swali jingine.

Shikamoo. Baba yetu amefariki na ameacha boksi mbili za santuri. Kuna mfanyabiashara anataka kuzichukua zote kwa bei moja. Ipo ya Hancock inaitwa Thrust, lakini baba ameandika nyuma kwa kalamu. Inapunguza thamani? (Msomaji, Tabora)

Marahaba, na poleni sana kwa msiba.

Usiuze kwa bei moja. Anayetaka zote bila kuhesabu ameshaiona moja anayoitaka. Kaa na nduguzo siku moja, toeni kila santuri, andikeni jina la msanii, lebo, namba iliyo ubavuni, na hali ya sahani. Ndipo mzungumze naye.

Ndiyo, kalamu nyuma ya jalada inapunguza bei, tena sana. Thrust ni ya 1974, si adimu, na yenye maandishi atakupa pesa ya chai tu. Hiyo itoe kwenye boksi ubaki nayo. Upande wa pili unaanza na wimbo unaoitwa Butterfly, ambapo Bennie Maupin, yule aliyeitwa Mwile, anapuliza polepole sana juu ya piano ya umeme. Uweke huo, ukae na jalada mapajani, usome alichoandika baba. Mara nyingi ni tarehe na mahali aliponunua. Ukipenda, yanakili maneno hayo unitumie.