Nondo ya lango la kale haishiki matiko: kisu kitapatikanaje?

Swali

Shikamoo fundi. Nyumba ya ukoo wetu imebomolewa, na kitu pekee nilichookoa ni nondo ya mraba ya lango lake, unene milimita 20, urefu karibu mita moja. Wazee wanasema lango lile lilipita miaka mia. Nilianza kujifunza uhunzi mwaka jana, nikaamua nondo ile niifue kisu cha jikoni kiwe ukumbusho. Kufua hakukunishinda, ingawa kisu kilipasuka mara mbili kwa urefu nikakirekebisha. Kilichonishinda ni makali. Nilikichovya kwenye mafuta kikiwa chekundu, tupa ikakila kama kawaida. Nikarudia kwa maji, kisha maji ya chumvi, hali ni ile ile. Nikikata kitu kigumu kidogo, makali yanalala. Nakosea wapi? Nisingependa kuchanganya na chuma kingine, maana hapo hakitakuwa tena chuma cha nyumbani.

Jibu

Marahaba, mwanangu. Katika kuchovya hukukosea popote, na ungeweza kuchovya mara mia usipate kitu. Matiko, yaani ule ugumu unaopatikana kwa kupasha chuma moto na kukipoza ghafla, hayatoki kwenye maji wala mafuta. Yanatoka kwenye kaboni iliyomo ndani ya chuma: ukikipasha moto hadi nyekundu iliyokolea, kaboni husambaa humo, na ukikipoza ghafla inanaswa kabla haijapata nafasi ya kujitenga. Kule kunaswa ndiko ugumu. Chuma cha kisu kizuri kinahitaji kaboni ya asilimia 0.6 kwenda juu. Nondo yako, kwa dalili ulizonipa, haifikishi hata asilimia 0.1. Hakuna cha kunaswa.

Lakini dalili iliyonivuta si ulaini. Chuma laini cha viwandani cha leo nacho hakishiki matiko. Iliyonivuta ni ile uliyoitaja kwa kupita tu, kwamba kisu kilipasuka kwa urefu. Chuma cha kale cha kufuliwa kina nyuzi ndani yake, kama mti. Nyuzi hizo ni mavi ya chuma, yaani takataka za kioo zilizobaki tangu kilipotengenezwa, asilimia moja hadi tatu ya uzito wake, zikavutika na kulala kwa urefu kila kilipofuliwa na kupitishwa kwenye mashine za kubana. Ukikigonga kikiwa kimepoa hadi nyekundu, nyuzi zinaachana. Ndivyo kilivyokufanyia.

Mwaka 1784 Henry Cort wa Uingereza alipata hataza ya kukitengeneza chuma hiki kwa kukikoroga kikiwa kimeyeyuka tanurini hadi kaboni iungue, na kwa karne nzima iliyofuata malango, minyororo, madaraja na nanga vilitokana nacho. Mnara wa Eiffel uliokamilika mwaka 1889 ni chuma cha aina hii. Kisha njia ya Bessemer ya mwaka 1856 na zilizofuata zikaleta chuma cha viwandani cha bei nafuu, na kile cha nyuzi kikaachwa polepole. Kwa hiyo lango la miaka mia na kitu linaweza kuwa la upande wowote, na umri peke yake si ushahidi. Hakikisha: kata kipande cha nondo kwa msumeno hadi nusu ya unene, kibane kwenye jiliwa, kikunje kikiwa baridi. Kikichanika taratibu na kuacha nyuzinyuzi kama ukuni mbichi uliovunjwa, umepata chuma cha kufuliwa. Kikikunjika bila kuonyesha nyuzi, ni chuma laini cha kawaida. Kikikatika ghafla na kuacha chembe zinazong'aa, huenda kina fosforasi nyingi au ni cha kalibu, yaani kilichomiminwa kikiwa kimeyeyuka, na cha kalibu hakifuliki kabisa.

Kabla ya yote, rangi. Malango ya zamani yalipakwa sana rangi zenye madini ya risasi. Usiichome moto, usiisugue kwa msasa mkavu, usiipeleke tanurini kwa kudhani moto utaimaliza. Moto utaigeuza mvuke utakaoingia kifuani mwako. Ilainishe kwa dawa ya kuondolea rangi, ikwangue ikiwa mbichi, vaa glavu, kusanya mabaki yote, na nguo za kazi hiyo zifuliwe peke yake. Na ukiona kipande chenye ngozi ya zinki ya kuzuia kutu, kiweke kando. Zinki inachemka kwenye sentigredi 907, nawe utafanya kazi kwenye moto mkubwa zaidi ya huo. Moshi wake mweupe humlaza mtu kwa homa. Kama kisu cha kwanza ulikifua rangi ikiwa bado ipo, na karakana yako haina hewa ya kutosha, nenda kapimwe damu. Nakusisitizia hili kuliko lolote lingine nitakaloandika hapa.

Sasa shida yako hasa, kwamba hutaki kuchanganya. Nakuelewa, ila hebu tazama wahunzi wa kale wenyewe walikifanyia nini chuma hiki. Hawakukitegemea kwa makali. Feleji, yaani chuma chenye kaboni ya kushika matiko, ilikuwa adimu na ghali, kwa hiyo shoka lilifuliwa kwa chuma laini na ulimi wa feleji ukatiwa mdomoni tu. Wahunzi wa Japani wanafanya hivyo hadi leo kwenye visu, patasi na randa, na baadhi yao hutafuta kwa makusudi minyororo na nanga za kale kwa sababu ya chuma cha nyuzi. Mwili ni chuma laini, makali ni feleji. Kisu chako kikijengwa hivyo, zaidi ya robo tatu yake ni lango lenu, na ndilo litakaloonekana bapani. Feleji itachungulia mdomoni kama uzi mwembamba.

Ipo njia ya kukwepa kuchanganya: kukifukia kisu ndani ya unga wa makaa kwenye sanduku la chuma lililozibwa na kukipika kwenye sentigredi 900 hivi, kaboni iingie kutoka nje. Saa nane za moto huo zitakupa tabaka la kama milimita moja, mara nyingi pungufu. Kwa kisu cha jikoni kitakachonolewa miaka na miaka sikushauri, kwa kuwa kinoo kitalimaliza tabaka hilo nawe utarudi ulipo.

Basi tujenge cha tabaka tatu, feleji katikati na chuma chako pande mbili. Kwa feleji chagua ya kaboni tupu, karibu asilimia 0.8, isiyo na kromiamu. Inayouzwa kwa namba 1084 ni rahisi kuliko zote kwa anayeanza. Tupa kuukuu inafaa kama ni feleji hadi ndani, lakini nyingine zimegumishwa ngozi tu. Vunja kipande, kipashe moto, kichovye, kisha ukivunje tena utazame ndani. Springi za magari ningeziacha kwa kazi hii, maana kromiamu yake husumbua kwenye kuunganisha.

Anza na chuma chako peke yake, kabla feleji haijaingia kazini. Nondo za malango kwa kawaida zilifuliwa kwa chuma cha daraja la chini, nyuzi zake nene na zimejaa mavi. Kipashe hadi njano inayoelekea weupe, kikiwa kinalia na kutoa cheche chache, kibapize, kikunje, kiunganishe tena kwa nyundo. Fanya hivyo mara mbili, tatu zikizidi. Utaona mavi yakiruka kama maji ya moto, kwa hiyo aproni ya ngozi, miwani, na asisimame mtu mbele ya fuawe. Ukifika hapo kipasuko hakitokei tena kirahisi, na nyuzi zinakuwa nyembamba na za kupendeza. Wapo wanaopenda zibaki nene kwa ajili ya sura. Kwa kisu cha kwanza, mimi nachagua uimara.

Sababu ya kumaliza kazi hii kabla ya feleji ni kwamba kwenye moto wa kuunganisha kaboni haitulii. Inahama kutoka kwenye feleji kwenda kwenye chuma laini, na kila unapokirudisha tanurini unailipa. Feleji iingie moto mkubwa mara chache iwezekanavyo.

Vipimo ninavyovitumia mimi ni feleji ya milimita 3 katikati, chuma cha milimita 5 kila upande, upana 30, urefu 120. Nyuso zinazokutana zisuguliwe hadi zing'ae, zisiwe na shimo wala kutu. Funga kwa waya, acha mwisho mmoja wa kushikia kwa koleo refu. Pasha hadi nyekundu hafifu, nyunyiza boraksi, unga wa kusafishia nyuso zinazounganishwa, kwenye mishono, rudisha.

Hapa ndipo penye kisu chote. Chuma chako kikiachwa kichague, kingependa kuunganishwa kwenye sentigredi 1,300. Feleji kwenye moto huo inaungua, na feleji iliyoungua haitengenezeki. Inamong'onyoka kama mkate mkavu. Hivyo unafanya kazi kwa kipimo cha feleji, kati ya 1,150 na 1,200: njano iliyokolea, boraksi ikitambaa juu ya chuma kama siagi iliyoyeyuka, bila cheche hata moja. Cheche zilizo nzuri kwenye chuma cha nyuzi ni msiba kwenye feleji. Tabaka za kwanza nilizounganisha niliziunguza hivyo hivyo, kwa sababu nilikuwa natazama chuma cha nje na kusahau kilichomo katikati. Usiharakishe. Rangi ikishafika, subiri dakika nyingine moja au mbili ili kiini kiwe sawa na ngozi, huku ukikigeuza.

Mapigo ya kwanza yawe mepesi, ya haraka, yaanzie mwisho mmoja kuelekea mwingine ili boraksi itoke na isinaswe ndani. Rudisha, ongeza boraksi, rudia mara moja zaidi, halafu piga kwa nguvu. Kikipoa kidogo tazama ubavuni: mstari unaokuwa mweusi kabla ya sehemu nyingine maana yake hapo hapajashika.

Baada ya kushika, fua kuanzia njano ya chungwa na uache kinapofika nyekundu. Hilo ni kwa ajili ya nyuzi. Geuza upande kila mapigo machache, kwa kuwa chuma laini hutambaa haraka kuliko feleji, na ukipiga upande mmoja mno kiini kitahama kutoka katikati. Kutoka milimita 13 za mwanzo, ukishuka hadi 4, kiini kinabaki karibu milimita 0.9. Kwa kisu kinatosha kabisa, ilimradi kiwe katikati. Usijaribu kuyaleta makali kwa nyundo. Kata ukingo milimita mbili tatu, usugue, upake siki, usubiri kidogo: feleji itajitokeza kama mstari wa rangi tofauti, nawe utajua umesimama wapi. Makali yaje kwa tupa au mashine, ukiacha milimita moja ya unene mdomoni. Feleji ni lazima iwe wazi pale kabla ya kutia matiko, la sivyo chuma cha pembeni kinaichelewesha kupoa.

Kwanza ipumzishe. Pasha hadi nyekundu iliyokolea, acha ipoe hewani, mara tatu, kila mara moto ukiwa pungufu kidogo, ili chembe zilizokua kwenye moto mkubwa zirudi kuwa ndogo. Kisha jifunze kwa sumaku: chuma kinaacha kuvutwa kwenye sentigredi 770. Pandisha rangi kidogo zaidi ya hapo, kama 815, shikilia muda mfupi, chovya wima kwenye mafuta ya mboga yaliyopashwa hadi 50 au 60. Maji, ambayo kwenye nondo tupu hayakukuletea chochote, hapa yanaweza kuipasua feleji. Sasa pitisha tupa mdomoni. Itateleza.

Siku hiyo hiyo kipeleke kwenye oveni, sentigredi 200, saa moja na nusu, kipoe, kisha mara ya pili. Kikiwa kimepinda, kinyooshe kikitoka oveni ya kwanza kingali moto. Kunoa kufanyike polepole, maji karibu, na rangi ya bluu ikijitokeza mdomoni ujue ugumu wa pale umeshaondoka.

Mwisho kichovye kwenye siki ya vuguvugu, ukikitazama kila baada ya dakika kumi na kukisugua kwa kidole. Nyuzi zitatokea taratibu, zikikimbia bapani kama mistari ya mbao, na chini yake feleji nyeusi. Zikionekana vizuri, kitoe, kwa sababu siki haiachi kula mavi na itayachimba hadi mifereji inayoficha maji na kutu. Kioshe kwa maji ya soda ya kuokea, kikaushe kwa moto mdogo, kipake mafuta yanayolika.

Kisu ulichofua usikitupe. Kama kilikuwa safi, bila rangi, kikunje mara mbili, kiunganishe na kipande cha nondo iliyobaki, kiwe upande mmoja wa kisu kipya. Na ile nondo usiimalize yote. Ibakishe angalau sentimita thelathini jinsi ilivyo, pamoja na alama za nyundo za mhunzi aliyelifua lango.