Kuzibua Si Kutengeneza: Niliyoyaona Nilipochimbua Bomba la Jiko Langu

Jumanne usiku dada mmoja wa Morogoro aliniandikia. Sinki lake la jikoni limeziba mara ya nne tangu Ramadhani iishe, fundi anataka kuvunja sakafu, na mumewe kamwambia maneno ambayo sitayarudia hapa. Akamalizia hivi: "Dada, kwani mimi ni mchafu kweli?"

Nilikuwa naosha vyombo. Nikafuta mikono, nikavuta kigoda, nikakaa. Swali hilo nalijua. Mimi niliambiwa jibu lake kabla hata sijauliza, tena mbele za watu.

Ilikuwa Idi pili, 2021. Nimepika pilau la watu 20, mbuzi, kachumbari, na mihogo ya nazi kwa ajili ya wazee. Wageni wamekula, vyombo vimerudi jikoni, nafungua koki, maji yakapanda badala ya kushuka. Yalipanda na punje za wali na utando wa mafuta wa rangi ya machungwa, yakafika ukingoni, yakamwagika mpaka kwenye miguu ya wifi yangu. Akaruka nyuma, akasema kwa sauti ya kusikika sebuleni: "Nyumba nzuri, ila mwenye jiko hajui jiko." Mama mkwe alikaa kimya. Kimya kile kiliniuma kuliko maneno ya wifi, na kusema kweli hata leo bado.

Nyumba ile tuliijenga kwa kudunduliza. Tulihamia 2019 madirisha yana nondo tu, sebule haina dari. Kama unasoma hapa, najua nawe una kiwanja chako mahali, au una kibubu kinachoelekea kwenye kiwanja. Unajua mtu anavyoipenda nyumba aliyoinunulia saruji mfuko kwa mfuko. Kuambiwa huwezi kuitunza ni tusi.

Kuziba kwenyewe kulianza mapema 2020. Kila mara nilimwita kijana mmoja mwenye waya mrefu wa springi. Anauingiza, anazungusha, maji yanakoroma, yanashuka, anapokea 30,000 yake, anaondoka. Wiki sita baadaye tunarudi palepale. Nina daftari la matumizi ya nyumba, na nilipokuja kuhesabu nikakuta nimemlipa mara 11. Shilingi 330,000 zimepita kwenye tundu la inchi 2.

Daftari hilo lilinionyesha na jambo lingine. Mara nyingi sinki liliziba Juni, Julai na Agosti, au siku chache baada ya sikukuu. Sikulielewa wakati ule. Sasa nalielewa vizuri. Mafuta ya nazi huanza kuganda joto likishuka chini ya nyuzi 24 hivi, na usiku wa kipupwe hapa Dar hushuka zaidi ya hapo. Tui tunalokula, samli ya pilau, mafuta mazito ya kukaangia maandazi, vyote huingia kwenye bomba vikiwa laini, vikigusa bomba la baridi chini ya ardhi vinashika ukutani. Na kama unatumia maji ya kisima yenye chumvichumvi kama sisi, ile chokaa yake huungana na mafuta na kutengeneza ukoko mgumu, mweupe. Waya wa springi hutoboa tundu katikati ya ukoko huo. Ukoko wenyewe unabaki. Ndiyo maana nasema kuzibua si kutengeneza. Ulilipia tundu, dada yangu.

Baada ya Idi ile nilifanya kosa ambalo nakusihi usilifanye. Nilinunua kostiki soda, ile ya watengeneza sabuni, nikamwaga karibu nusu kilo kwenye sinki na kufuatishia maji yanayochemka. Ikachemka, ikarusha. Nina kovu kwenye mkono wa kulia, chini kidogo ya kiwiko. Bomba halikuzibuka. Kostiki ikikutana na mafuta inakuwa sabuni, na sabuni ikipoa kwenye kona ya bomba inaganda, basi nikawa nimejiongezea kizibo kipya juu ya kile cha zamani. Maji yanayochemka nayo hulainisha bomba la plastiki na kulipinda, hasa kwenye maungio. Na usichanganye kabisa dawa ya klorini ya kung'arishia nguo na asidi ya kusafishia choo. Hewa inayotoka hapo inachoma mapafu.

Januari 2022 jirani akaniletea mzee mmoja, fundi bomba wa siku nyingi. Alikuja na chepe, kandambili na mpira mwembamba unaoonyesha maji ndani. Hakugusa sinki. Alisimama uani akaniuliza: linaziba la jikoni tu, au na bafuni? Choo kinashuka vizuri? Likiziba, linabubujika kwanza au linasimama ghafla? Hakuna fundi aliyewahi kuniuliza kitu. Nilijibu mpaka nikajikuta natokwa na machozi, na mzee wa watu akasubiri nimalize.

Kisha akafungua mfuniko wa chemba ya nyuma ya jiko, kile kishimo maji machafu ya nyumba yanapopitia. Sinki ndani lilikuwa limejaa mpaka juu. Chemba ilikuwa kavu, tope limepasuka, mende wanakimbia. Akasema, "Mama, sinki limejaa, chemba kavu. Ugonjwa uko hapa katikati. Chemba ingekuwa imejaa, tungeenda mbele, kwenye karo, lile shimo kubwa la maji machafu." Dakika 2 tu. Miaka 2 ya waya, na jibu lilikuwa chini ya mfuniko niliokuwa naanikia juu yake dagaa.

Tulichimbua mita 6. Mzee akanishikisha ncha moja ya ule mpira wenye maji, yeye akashika nyingine, tukapima. Bomba la maji machafu la ukubwa ule linatakiwa lishuke sentimita 2 na nusu kwa kila mita, kwa hiyo langu lilitakiwa kushuka 15. Lilishuka 4, halafu katikati likabonyea kama kamba ya kuanikia nguo. Waliojenga walilaza bomba juu ya kifusi ambacho hakikushindiliwa. Kifusi kikashuka, bomba likashuka nacho, na kwenye bonde lile maji yalikuwa yanalala usiku na mchana na mafuta yote ya jikoni kwangu.

Alikata kipande cha kiasi cha shubiri moja, akanipa mkononi. Kilikuwa kizito. Ndani palikuwa peupe kama mshumaa, na tundu lililobaki halipitishi kidole gumba. Kwenye ule weupe niliona majani ya chai, punje za wali, na nyuzi za waya wa kusugulia sufuria zilizoshika kila kitu kama mizizi. Harufu yake sitaieleza. Nilikiweka kile kipande juu ya ukuta wa uani, na wifi alipokuja mwezi uliofuata nilimwonyesha. Nilimwambia: huu ni uzembe wa aliyelaza bomba, na mafuta ambayo hakuna aliyenifundisha kuyazuia. Hakuniomba radhi, lakini alikitazama muda mrefu.

Kazi ilichukua siku 2 na 185,000 pamoja na vifaa. Mzee alishindilia mtaro, akaweka mchanga, akalaza bomba jipya kwa mwinamo wake. Pale palipokuwa na elbo, kile kiungio cha kona, moja ya kona kali akaweka mbili za nyuzi 45, ili uchafu usigonge ukuta. Nje ya jiko akanijengea chemba ndogo ya mafuta: maji yanaingia juu, yanatoka kwa bomba lililoinamishwa mdomo chini, hivyo mafuta yanaelea na kubaki. Kila baada ya wiki 2 nayachota kwa kopo la zamani, nayafunga kwenye mfuko, yanaenda na taka. Tangu siku ile sinki langu halijaziba hata mara moja. Sikukuu zote zimepita, kipupwe chote kimepita.

Sasa wewe mwenye sinki linaloziba: anza na mafuta. Sufuria ya pilau ifute kwa karatasi au kwa unga wa dona kabla haijagusa maji. Mafuta ya kukaangia yaliyochoka yatie kwenye chupa, usiyamwage. Majani ya chai yaende kwenye maua. Weka chujio kwenye tundu la sinki, hata la bei ndogo linatosha. Fungua kile kikombe cha chini ya sinki kwa mkono, ndoo ikiwa chini yake, ukioshe kila mwezi. Bafuni adui ni nywele na rasta, zitoe kwa kipande cha waya uliokunjwa ncha, na usiruhusu mchanga wa miguu ya watoto ushuke. Pampasi haiendi chooni, hata kipande. Halafu rudi kwenye mafuta, maana najua utasahau: futa, futa, futa kabla ya kuosha.

Kama ndiyo unajenga, nakuomba sana: piga picha mitaro yote kabla haijafukiwa, weka futi kamba pembeni ionekane. Mwaga ndoo ya maji mwanzoni mwa bomba, usimame chembani uyaone yakifika. Usikubali fundi akuambie "litakaa sawa." Na maji ya mvua ya paa yasiunganishwe na chemba ya choo, masika ikija karo lako litajaa na kila tundu la nyumba litarudisha. Karo likijaa, ita gari la kunyonya. Mtu asishuke ndani, hata kwa dakika moja, hewa ya mle inaua.

Nawe dada wa Morogoro, usivunje sakafu kwanza. Kesho asubuhi jaza sinki, toka nje, mwombe mtu akusaidie kuinua mfuniko wa chemba iliyo karibu na jiko, kisha uniandikie kitu kimoja tu: ni kavu, au imejaa?