Jina la mkwe liliponipotea mbele za watu

Mwezi uliopita nilisimama kwenye shughuli ya familia kumtambulisha mkwe wangu, kijana aliyeoa kwetu miaka mitatu iliyopita, jina likagoma. Nikakohoa, nikanywa maji, nikaishia kusema "huyu kijana wetu." Mdogo wangu akapaza sauti: "Kaka, betri hiyo inaisha!" Ukumbi mzima ukaangua kicheko. Nilicheka nao, lakini hadi leo linanikereketa. Yeye husahau funguo kila siku, ila nywele zake bado nyeusi, kwa hiyo hakuna anayemhesabia.

Saa nane usiku, nikigeukageuka kitandani, jina likaja lenyewe. Kumbe halikufutika, njia ya kulifikia tu ndiyo iliyoota majani. Umri hufanya hivyo: majina ya watu hutangulia kusumbua, huku msamiati ukiendelea kukua hata kwa mtu wa miaka 60. Hipokampasi, sehemu ya ubongo inayotengeneza kumbukumbu mpya, husinyaa polepole. Lakini mwaka 2011 watafiti wa Marekani walichapisha matokeo ya wazee 120. Nusu walitembea dakika 40, mara tatu kwa wiki, na baada ya mwaka hipokampasi zao zilikuwa zimekua kwa asilimia 2 hivi. Za wenzao walionyoosha viungo tu zilipungua.

Basi nami natembea. (Wiki mbili za kwanza sina la kusimulia zaidi ya magoti.) Njiani najihoji: jana nilizungumza na nani, anaitwa nani? Simu siigusi mpaka nihangaike kwanza, maana kuhangaika kule ndiko kunakokaza kumbukumbu. Ninyi mnaosoma ukurasa mara kumi mnajidanganya. Funikeni kitabu, mjiulize! Halafu laleni. Usingizi ndio unaopanga ya mchana, na mnaojisifu kukesha mnajiibia wenyewe. Tembeeni, jiulizeni, laleni. Nitarudia hata mkichoka.

Kusahau jina likarudi baadaye si ugonjwa. Ila ukipotea njia unayoipita kila siku, au ukiuliza swali lile lile mara tano, mwone daktari. Wakati mwingine chanzo ni upungufu wa vitamini B12, hitilafu ya tezi ya shingoni au dawa unazomeza, na hayo hurekebishika.

Wiki ijayo tunakutana tena. Nimeomba nitambulishe ukoo mzima, nikianza na mkwe. Mdogo wangu nimemweka wa mwisho.