Kwa mwenzangu unayeanza kuendesha semina za utofauti kazini, zile za kupunguza ubaguzi kati ya wafanyakazi

Ukipangiwa semina yako ya kwanza, usiwapime watu kwa uchangamfu wao. Ukumbini hakukosi mtu wa kunyoosha mkono kila swali na kukujazia fomu ya tathmini alama za juu. Nyuma kabisa atakuwepo mwingine, mikono kifuani, kimya hadi chai ya saa nne. Waendeshaji wengi huondoka wakiamini wa kwanza ameelewa na wa pili ni mbaguzi. Mimi nimeona kinyume mara nyingi. Jumatatu mchangamfu anaingia kikaoni, anaanza kuongea lugha ya kwao na wenzake wawili watatu, wengine wanabaki wakitazamana. Anayesema "jamani, hatuko peke yetu hapa" ni yule mkimya.

Uchangamfu ni hulka tu. Kati ya sifa tano za haiba ambazo wanasaikolojia hupima, zinazohusiana zaidi na chuki kwa makundi mengine ni mbili: utayari wa kupokea mambo mapya, na wema kwa watu. Aliye nazo kwa wingi huelekea kuwa na chuki kidogo. Ila ni kuelekea tu, na hulka haibadiliki kwa semina ya siku moja, kwa hiyo usijipe kazi hiyo.

Mwaka 2006 Alexandra Kalev, Frank Dobbin na Erin Kelly walichapisha utafiti wa maeneo ya kazi 708 ya Marekani. Mafunzo ya kupunguza upendeleo yalikuwa miongoni mwa mbinu zilizoongeza kwa uchache zaidi idadi ya wanawake na watu weusi kwenye umeneja. Kilichosaidia zaidi ni kuwepo mtu au kamati maalumu ya kuulizwa matokeo.

Kwetu Kenya, sheria ya uwiano na utangamano ya 2008 inakataza taasisi ya umma kuwa na zaidi ya theluthi moja ya wafanyakazi kutoka kabila moja. Ni kinga nzuri, naitetea, lakini haisemi nani apangwe kufanya kazi pamoja na nani. Hapo ndipo penye nafasi yako: mshawishi meneja awaunganishe watu wasiozoeana kwenye kazi moja, wenye cheo sawa, na yeye mwenyewe awaunge mkono waziwazi. Mwanasaikolojia Gordon Allport alieleza masharti hayo ya kupunguza chuki kati ya makundi tangu 1954.

Miezi mitatu baadaye, usigawe fomu nyingine. Omba orodha ya waliopewa safari za kikazi zenye marupurupu, waliokaimu vyeo na walioketi kwenye jopo la usaili, kisha kaa na meneja muipitie jina kwa jina, muone kama nafasi hizo zinaangukia kundi moja tu.